Prado au Alphard? Pima kilomita ya mwisho na siti ya mwisho

Mama alishika mpini wa mlangoni kwa mkono wa kulia, akakusanya khanga kwa mkono wa kushoto, akapandisha mguu kwenye kikanyagio cha Prado. Hapo alifika. Kazi ikawa hatua iliyofuata. Kijana wa yadi alikuwa ameshaikunja siti ya katikati upande wa kushoto ili mama apite nyuma kabisa, na upenyo uliobaki ulimtosha mtoto wa darasa la tatu, si mama wa miaka 71 mwenye goti linalouma. Akaingiza bega, akasita, akanigeukia. "Mwanangu, nikishaingia huku, nani atanitoa?"

Upande wa pili wa yadi ileile ilisimama Alphard nyeusi. Kijana akabonyeza kitufe, mlango ukateleza kwenda nyuma. Mama akakanyaga ngazi ndogo ya mlangoni, akapita katikati ya siti mbili hadi mstari wa tatu, akakaa, akajifunga mkanda mwenyewe. Akatulia pale kama yuko kwenye baraza ya nyumba yake.

Ungedhani maneno yameisha. Hayakuisha, kwa sababu kutoka lami hadi getini kwetu Madale kuna kilomita moja na robo ya barabara ya udongo, na kila masika maji yanaichimba mpaka inakuwa mfereji. Alphard iliyompokea mama vizuri vile ndiyo hiyohiyo inayoweza kuacha bampa lake kwenye huo mfereji. Miezi minne tulizunguka na swali hili nyumbani, na nimeona niandike tulichokipata, kwa ajili ya familia iliyopo pale tulipokuwa sisi: watu wengi, gari moja, na fedha isiyoruhusu kukosea mara mbili.

Ninalinganisha magari mawili mahususi, maana "gari kubwa" ni neno pana mno. La kwanza ni Toyota Land Cruiser Prado ya toleo la J150, lililoanza mwaka 2009 na kuendelea hadi 2023, yenye injini ya petroli ya lita 2.7 na siti saba. La pili ni Toyota Alphard ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kati ya 2008 na 2015, yenye injini ya petroli ya lita 2.4 na siti saba au nane. Hayo ndiyo mawili yanayogombea fedha ya familia nyingi Dar es Salaam. Atakayenunua Vellfire asome tu "Alphard", ni ndugu wa tumbo moja.

Siti ya mwisho

Watu wanapohesabu siti wanahesabu vichwa. Sisi tulianza hivyo: mimi, mke wangu, mama, na watoto wanne wa miaka 14, 11, 8 na 3. Saba. Prado ina siti saba, mbili mbele, tatu katikati, mbili nyuma. Hesabu imekubali, tukanunue.

Kisha tukawapakia watu wenyewe. Mtoto wa miaka 3 anakaa kwenye kiti chake cha watoto, na kiti hicho kikishafungwa kwenye siti ya katikati, siti ile haikunjwi tena kirahisi. Kwa hiyo kiti cha mtoto lazima kiende upande wa kulia, kwa sababu njia ya kwenda nyuma iko kushoto. Mama anakaa katikati pia, kwa kuwa nyuma hawezi. Sasa wale wawili wa nyuma wakitaka kushuka shuleni asubuhi, mama ashuke kwanza, siti ikunjwe, watoke, siti irudishwe, mama apande tena. Hiyo ni foleni ya asubuhi, magari yanapiga honi nyuma yako, na goti ni lilelile. Mara moja kwa wiki mtu anavumilia. Kila siku ya shule, hapana.

Mtoto wangu mkubwa ananizidi kimo kwa kidole. Alikaa mstari wa tatu wa Prado na magoti yakapanda karibu na kidevu, kwa sababu sakafu ya kule nyuma imeinuka na siti iko chini. Si kosa la kutengeneza. Chini ya sakafu ile kuna ekseli na chesisi ya kazi, na vitu hivyo vinataka nafasi. Lakini ukweli unabaki kwamba siti mbili za nyuma za Prado ni za watoto wadogo, au za watu wazima kwa safari ya kutoka msibani hadi makaburini. Dar hadi Lushoto ni kama kilomita 350. Mtu mzima hawezi kukaa pale kilomita 350 akashuka akiwa na heri na dunia.

Alphard ni habari nyingine kabisa. Sakafu yake iko chini na imenyooka hadi nyuma. Ndani kuna kimo cha kama mita 1.4, mtoto wangu wa miaka 8 anasimama wima. Milango inateleza pande zote mbili, kwa hiyo hata ukibanwa kwenye maegesho hakuna mtoto wa kugonga gari la mwenzako kwa mlango. Zipo za aina mbili: ile yenye viti viwili vikubwa vya peke yake katikati, jumla siti saba, na ile yenye benchi katikati, jumla nane. Wauzaji watakusifia ya viti viwili, ile yenye kunyanyua miguu. Kwa familia yenye bibi na watoto ninasema chukua ya viti viwili, lakini si kwa ajili ya kunyanyua miguu: ni kwa ajili ya njia inayobaki katikati. Mtu anakwenda nyuma bila kumwamsha mwingine.

Mizigo nayo iangalie watu wote wakiwa wamekaa. Prado yenye watu saba inabakiza nyuma nafasi ya mabegi ya shule mawili yaliyosimama, na ndoo ndogo ukilazimisha. Hakuna namna utabeba jokofu la kubebea vinywaji, gunia la mchele na masanduku ya watu saba bila kuweka keria juu. Alphard, siti za nyuma zikiwa zimesukumwa mwisho, nayo inabana. Watu hawakwambii hili. Tofauti ni kwamba siti zake zinasogea kwenye reli. Ukizisogeza za tatu mbele kidogo na za pili nazo, kila mtu anapoteza kidogo na buti linafunguka. Tulilijaribu kwa masanduku yetu, tuliyoyabeba kutoka nyumbani hadi yadi. Yule kijana alitushangaa, lakini alitusaidia kupakia.

Mlango wa buti una jambo lake. Wa Prado unafunguka pembeni kama mlango wa chumba, na kioo chake kinafunguka peke yake ukitaka kutupia kitu kidogo. Wa Alphard unapanda juu, ni mkubwa mno, na unadai nafasi nyuma ya gari. Kama unaegesha kwa kurudisha nyuma hadi ukutani, pima kwanza.

Kilomita ya mwisho

Wazee walipima kwa mkono, na kwa jambo hili mkono unafaa kuliko karatasi ya muuzaji. Nyoosha vidole. Kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho ni shubiri, na kwa mtu mzima ni kama sentimita 22. Huo ndio uwazi kati ya ardhi na tumbo la Prado. Kutoka gumba hadi kidole cha shahada ni futuri, kama sentimita 16. Huo ni wa Alphard, nao unapimwa gari likiwa tupu. Ukipandisha watu saba na mizigo, futuri inapungua.

Nilitoka nyumbani jioni moja na mkono wangu, nikatembea kilomita yetu na robo. Kila nilipokuta jiwe lililosimama au tuta la udongo katikati ya njia za matairi, nilichutama nikaweka mkono. Sehemu nyingi futuri ilitosha. Sehemu tatu haikutosha. Moja ilikuwa tuta la saruji ambalo wakazi wenyewe walilijenga kuzuia bodaboda, refu na kali kama tofali lililolazwa kwa ubavu. Mbili zilikuwa mifereji ya maji inayokatiza barabara, ambapo tatizo hasa ni pua. Alphard ina pua ndefu mbele ya tairi, na bampa linagusa kabla tairi halijaanza kupanda upande wa pili.

Ninakusihi ufanye hivi kabla ya kulipa hata shilingi. Usipime barabara ya kwenda kwa babu unayoipita Desemba. Pima ile ya getini kwako, unayoipita mara mbili kwa siku, mara 600 au 700 kwa mwaka. Mtu akipitisha gari la chini kwenye barabara mbovu kila siku, haliharibiki kwa kishindo. Bushi za mbele zinaanza kugonga, shokapu zinavuja, plastiki za chini zinaning'inia, kisha siku moja ekzosi linalia. Kila kimoja kina bei yake, na vinakuja kwa zamu.

Prado imejengwa juu ya chesisi, ekseli ya nyuma ni nzima ya upande mmoja hadi mwingine, inaendesha magurudumu yote manne wakati wote, na ina gia nzito pamoja na kufuli la difu la katikati, linalofanya magurudumu ya mbele na ya nyuma yavute pamoja, kwa siku ya tope. Kijijini kwetu, mbele ya Lushoto, lami ikishaisha, udongo ni mwekundu na mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Nimekaa kwenye Prado ya mjomba ikipanda kilima kile kwa gia nzito, taratibu, bila kelele, huku gari dogo likiwa limelala mtaroni pembeni yetu. Hakuna Alphard itakayokufanyia hivyo. Na ukiambiwa "hii Alphard ni ya magurudumu yote manne", ni kweli zipo, zilitengenezwa kwa ajili ya theluji ya Japan. Zinasaidia kwenye utelezi, lakini tumbo liko palepale chini.

Kuhusu maji: Prado kwa vipimo vya kiwanda inaweza kuvuka maji yaliyotulia ya sentimita 70. Maji yaliyotulia, nasisitiza. Kila masika bonde la Jangwani linajaa na barabara inafungwa, na maji yanayokimbia yanasukuma gari lolote. Mwenye Prado na mwenye Alphard wote wageuze.

Lakini turudi kwenye lami, maana huko ndiko magari haya yanakotembea zaidi. Kutoka Dar kupita Chalinze, Segera na Korogwe hadi Mombo, Alphard ni raha tupu. Ni tulivu, haiyumbi kwenye kona kwa sababu uzito wake uko chini, na watoto wanalala. Kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kama kilomita 33 za lami, kona juu ya kona hadi upite Soni, na hapo ndipo watoto wa nyuma kwenye gari la juu wanaanza kuomba mfuko wa kutapikia. Alphard ya lita 2.4 ina nguvu farasi 170 na uzito wa chini kidogo ya tani mbili. Prado ya 2.7 ina 163 na inazidi tani mbili. Kwa hiyo kwenye mlima wa lami, Alphard inapanda kwa wepesi zaidi, na Prado ya 2.7 yenye watu saba utaisikia injini ikilia. Wengi hawaamini mpaka waendeshe zote.

Mafuta

Kila mtu huniuliza hili la kwanza, na kusema kweli tofauti si kubwa kama inavyosemwa vijiweni. Kwa uendeshaji wa kawaida mjini, Prado ya 2.7 hutembea kama kilomita 6 hadi 7 kwa lita, na Alphard ya 2.4 kama 7 hadi 8.5. Kwenye barabara kuu namba zinapanda kwa magari yote mawili, Prado karibu na 9, Alphard 10 na kitu.

EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta Tanzania, hutangaza bei kikomo kila mwezi, kwa hiyo weka bei ya mwezi wako. Mimi natumia shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Ukitembea kilomita 1,500 kwa mwezi mjini, Prado kwa kilomita 6.5 itataka lita 231, Alphard kwa 8 itataka lita 188. Tofauti ni lita 43, karibu shilingi 130,000 kwa mwezi. Ni fedha, lakini si fedha ya kukuamulia gari. Bushi za mbele zikibadilishwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu ya barabara mbovu, sehemu nzuri ya akiba hiyo imekwenda kwa fundi.

Prado ya V6 ya lita 4.0 na Alphard ya lita 3.5 nimeziacha nje. Mwenye uwezo wa kuzijaza hahitaji kusoma hesabu hizi. Prado za dizeli za lita 3.0 zinazotoka Uingereza hazili mafuta sana, lakini kabla ya kununua mlete fundi anayejua nozeli, maana nozeli zake zikichoka bei yake inauma. Na dizeli ya lita 2.8 kutoka Japan, iliyoanza 2015, ina chujio la masizi kwenye ekzosi ambalo halipendi safari fupi za mjini.

Chini ya boneti

Hapa nilikaa sana, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Injini ya Prado hii, 2TR, ndiyo hiyohiyo inayopatikana kwenye Hiace na Hilux. Fundi wa Mbeya anaijua, wa Kigoma anaijua. Ina cheni badala ya belti ya taimingi. Giaboksi yake hadi 2015 ni otomatiki ya gia nne ya kizamani, haina mbwembwe, inaongeza ulaji wa mafuta kidogo, na inavumilia. Kuanzia toleo la katikati ya 2015 ilikuja ya gia sita. Kitu cha kukwepa kwenye Prado ni daraja la juu la TZ-G lenye upepo badala ya springi nyuma. Ni laini kweli likiwa zima. Likianza kuvuja, gari linakalia matako asubuhi na bili yake inatisha. Wengi huishia kuling'oa na kufunga springi za kawaida. Daraja la chini yake, TX au TX-L, linatosha familia.

Injini ya Alphard, 2AZ, nayo si ngeni. Iko kwenye Harrier, Kluger na Estima za lita 2.4, magari yaliyojaa Dar, kwa hiyo spea zake Gerezani zipo, mpya na za kutoka Japan zilizotumika. Kule Nairobi, mtaa wa Kirinyaga nao hautakuangusha. Nayo ina cheni. Ila ina ugonjwa unaojulikana: baadhi ya injini hizi, hasa za miaka ya katikati ya 2000 kuja mbele, hula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Si zote. Dawa yake ni mazoea: chomoa kijiti cha oili kila wiki, na siku ya kununua, iwashe ikiwa baridi ya asubuhi, mtu asimame nyuma aangalie moshi. Moshi wa bluu ukitoka, ondoka. Usikubali "ni baridi tu hiyo".

Giaboksi ndiyo sehemu nyeti ya Alphard. Kizazi cha kwanza cha lita 2.4 kilikuwa na otomatiki ya kawaida ya gia nne. Kizazi hiki cha pili cha lita 2.4 kina CVT, isiyo na gia za meno bali mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili. Inatembea kama maji. Lakini inataka oili yake yenyewe ya CVT, siyo oili nyekundu ya otomatiki ya kawaida. Jirani yangu alipeleka yake kwenye gereji moja kwa huduma ya kawaida, wakamimina ile nyekundu kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo dukani. Haikufa siku ile. Ilianza kutetemeka ikiondoka kwenye taa, kisha ikawa inavuma ikipanda mlima, na ndani ya miezi michache ananunua giaboksi nyingine. Tangu hapo nimeamua: oili ya giaboksi nainunua mwenyewe, naishika mkononi, nasimama pale inapomiminwa.

Milango ya umeme nayo inahitaji jicho. Vumbi letu linaingia kwenye reli, mota inavuta kwa nguvu, waya wake unakatika, na mlango unabaki mzito wa kusukuma kwa mikono miwili. Brashi ndogo kwenye reli kila wikiendi inatosha kuepusha mengi. Watoto wafundishwe kutouvuta mlango ukiwa unatembea wenyewe.

Matairi: Prado hii huvaa 265/65 ya inchi 17, Alphard ya 2.4 mara nyingi 215/65 ya inchi 16. Ya Prado ni ghali zaidi kwa kila moja, zidisha kwa manne. Na kwenye Alphard ulizia tairi la akiba, kwa sababu baadhi zilitoka kiwandani na kopo la dawa ya kuziba pancha tu. Usiku, katikati ya Segera na Korogwe, kopo hilo si tairi.

Bei na ushuru

Prado ya mwaka uleule inakuwa ghali kuliko Alphard kwa mbali, mara nyingi karibu mara mbili ukinunua Japan. Hili peke yake linawaamulia wengi, na si vibaya. Hapa Tanzania, Prado na Alphard hizi zote mbili zina zaidi ya cc 2,000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini ni asilimia 10 kwa zote, na gari lililozidi miaka minane linaongezewa tozo ya uchakavu. Lakini asilimia inakokotolewa juu ya thamani, na thamani ya Prado kwenye mfumo wa TRA, mamlaka ya mapato, iko juu. Ingia kwenye mfumo huo, weka mwaka na modeli, uone namba mwenyewe kabla hujaagiza. Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe kwanza, kwa hiyo Alphard za kizazi hiki huko utanunua zilizokwisha kuwa nchini.

Siku ya kuuza, Prado inarudisha fedha vizuri na inauzika haraka. Alphard inauzika pia, siku hizi ni gari la maharusi, na Unguja ndilo linalobeba wageni kutoka uwanja wa ndege. Lakini bei inashuka zaidi, na mnunuzi ataichunguza giaboksi kama daktari.

Jambo la heshima nalizungumza kwa ufupi kwa kuwa lipo. Shangingi linafungua mageti, na kuna kaka zetu walionunua Prado kwa sababu hiyo wakawa wanawabana watoto wao watano miaka mitano. Ninawaheshimu, lakini mtoto aliyekaa magoti kidevuni hajui heshima ya getini.

Usalama wa watoto

Prado iko juu, dereva anaona mbali, na watu hujisikia salama. Lakini urefu huohuo unafanya gari liegemee likikatishwa kona ghafla, na keria iliyojaa mizigo juu inaongeza. Mwenye Prado awe mpole kwenye kona za mlimani. Alphard ina hatari ya aina nyingine: nafasi inawadanganya watoto. Wanasimama, wanatembea kati ya siti gari likiwa spidi 80. Nyumbani kwetu gari haliondoki mpaka kila mkanda uwe umefungwa, na mwenye kukagua ni yule wa miaka 8, hana huruma na mtu.

Kwenye magari yote mawili mstari wa tatu uko karibu na mlango wa nyuma, kwa hiyo mkigongwa kwa nyuma waliokaa pale wana nafasi ndogo ya kuwakinga. Ukiwa na Alphard, usizisukume siti za tatu hadi mwisho bila sababu, zisogeze mbele.

Nani achukue lipi

Kama barabara ya getini kwako inakataa futuri mahali zaidi ya mawili matatu na huwezi kuitengeneza, chukua Prado, hata kama ni ya mwaka wa nyuma zaidi, hata kama utasubiri mwaka mmoja zaidi ukiweka akiba. Vilevile kama kazi yako ni shamba, mgodi au vijijini. Vilevile kama mko watano na siti za nyuma ni za wageni tu. Hapo Prado haina mpinzani.

Kama mko sita kwenda juu, kama kuna mzee ndani ya nyumba, na lami au changarawe nzuri inafika getini, chukua Alphard na usitazame nyuma. Na kama fedha haifiki Alphard, Noah au Voxy ya 2007 hadi 2014 ina milango ileile ya kuteleza, siti saba au nane, injini chini ya cc 2,000, na kwa hiyo ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 badala ya 10. Ni nyembamba zaidi, watatu wa nyuma watagusana mabega, basi.

Sisi tulinunua Alphard. Tulikaa na majirani wanne, tukachanga, tukaleta lori mbili za vifusi, tukajaza mifereji miwili, na lile tuta la saruji tukalikwangua kingo zake kwa sululu mpaka likalala. Kwenda kijijini tunaacha gari Lushoto mjini na kukodi usafiri wa huko kumalizia. Mvua zikizidi, gari linalala kwa jirani aliye karibu na lami. Watoto wanatembea na mabuti, mama anachukua bajaji hadi pale.

Masika iliyopita lililala huko usiku tisa. Nimeziandika kwenye daftari. Zikivuka thelathini kwa mwaka mmoja, tutauza na kutafuta Prado, na tumeshakubaliana kwamba mama atakaa mbele.